Kipa Asiyekosa Mechi: Uchambuzi wa Kisa cha Mlinda Mlango wa Hoki ya Barafu, Montreal 1910–1926

Kisa kwa ufupi

Kisa hiki kinamhusu kipa wa hoki ya barafu aliyeichezea klabu moja ya kulipwa ya Montreal, Kanada, kuanzia Desemba 1910 hadi usiku wa tarehe 28 Novemba 1925. Katika muda wote huo hakukosa hata mechi moja. Mechi 327 za ligi zilifuatana, na nyingine 39 za mtoano, na golini alikuwa yeye. Mechi iliyofuata hakuimaliza. Miezi minne baadaye alifariki kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 39.

Jina lake, la klabu yake, la viongozi na la familia nimeyaondoa. Anayeifahamu historia ya mchezo huu atamtambua haraka, na hilo halina ubaya, kwani alikuwa mtu wa hadharani na habari zake zimeandikwa kwa miaka mia. Nimeyaacha majina ili msomaji aangalie maamuzi yaliyofanywa, asibaki kushangilia au kumlaumu mtu fulani.

Nawaandikia makocha, mameneja wa timu, wauguzi na madaktari wa michezo, na kila anayesimamia watu wasio na desturi ya kulalamika. Rekodi ya kipa huyu husimuliwa kama ushujaa, na ushujaa ulikuwepo kweli. Lakini ninavyoisoma mimi, klabu ilizoea kukiona kutokukosa kwake kuwa ndiyo afya yake, na mazoea hayo ndiyo yaliyomwingiza uwanjani usiku ule akiwa na homa kali.

Mazingira: mchezo ulivyokuwa na mtu aliyeingia ndani yake

Wengi wetu hoki ya barafu tumeiona kwenye televisheni tu, au Nairobi katika uwanja mdogo ulio ndani ya hoteli moja ya Barabara ya Mombasa. Kwa hiyo kwanza niueleze mchezo wenyewe wa enzi hizo. Wachezaji huvaa viatu vya kuteleza vyenye chuma chembamba chini, hushika magongo, na hugombea kisahani kigumu cha mpira mweusi. Msimu wa 1910–11, alioanza nao kipa wetu, ndio ambao ligi yao iliacha kucheza vipindi viwili vya dakika 30 na kuanza vitatu vya dakika 20. Msimu mzima ulikuwa na mechi 16.

Kipa alisimama golini bila kinyago, na miguuni alifunga vikinga vyembamba vilivyofanana na vya mchezo wa kriketi. Hakuruhusiwa kuanguka wala kupiga magoti ili kuzuia kisahani. Akifanya hivyo, mwamuzi alimwadhibu. Akipewa adhabu ya kutoka nje, alitoka mwenyewe, na beki au mshambuliaji mmoja akaenda kusimama golini bila vifaa vya kipa. Jambo hili lishikwe vizuri, maana linaonyesha jinsi ligi ilivyomfikiria mlinda mlango: hakukuwa na mtu wa pili. Kipa wa akiba hakuwa sehemu ya hesabu ya timu.

Mhusika wetu alizaliwa mwaka 1887 katika mji mdogo wa jimbo la Quebec, kando ya mto Saguenay, mbali na Montreal. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na yeye alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Aliacha shule akiwa na miaka 14 akamsaidie baba kazini. Hoki aliijifunza mitaani na wenzake, wakicheza kwa viatu vya kawaida, na alikuwa kijana mkubwa tayari alipovaa viatu vya kuteleza kwa mara ya kwanza. Alioa mwaka 1908. Baadaye, misimu ilipokwisha, alirudi mjini kwao akaendesha kiwanda kidogo cha kutengeneza ngozi. Waliomjua walimweleza kuwa mtu mtulivu, mwenye maneno machache, asiyetikisika hata timu ikishambuliwa mfululizo.

Alivyosajiliwa

Februari 1910 klabu ya Montreal ilisafiri hadi mjini kwao kucheza mechi ya kirafiki na timu ya wenyeji, timu ya watu wasiolipwa. Wageni walishindwa. Aliyeshtuka zaidi alikuwa kipa wa klabu hiyo ya Montreal mwenyewe, ambaye alimtazama kijana wa upande wa pili dakika hadi dakika, na waliporudi Montreal aliwashauri viongozi wamsajili.

Nimekaa sana kwenye tukio hili, kwa sababu aliyetoa pendekezo alikuwa anatoa nafasi yake. Hakuna aliyemlazimisha. Aliijua kazi ya golini kuliko kiongozi yeyote, akatambua kwamba huyu kijana ni bora kuliko yeye, akasema. Mtu huyu haondoki kwenye kisa. Mwaka 1921 atakuwa mmoja wa watatu watakaoinunua klabu kwa dola 11,000, na mwaka 1926 atakuwa miongoni mwa wale wale watatu watakaotoa kombe la kumkumbuka kipa aliyemleta.

Kijana alikataa mwanzoni. Alikuwa na mke, kazi na mji anaoupenda. Alishawishiwa, akakubali mwishoni mwa mwaka, na tarehe 31 Desemba 1910 akacheza mechi yake ya kwanza dhidi ya Ottawa. Timu yake ilifungwa mabao 5 kwa 3. Mshahara ulikuwa dola 800 kwa msimu. Msimu huo huo wa kwanza, wastani wake wa mabao ya kufungwa kwa mechi ukawa mdogo kuliko wa makipa wote wa ligi, na msimu wa pili vilevile.

Miaka kumi na mitano golini

Sitaipitia misimu yote. Klabu ilichukua Kombe la Stanley, taji kubwa la ubingwa wa hoki ya kulipwa, mara ya kwanza mwaka 1916, ilipoishinda Portland kwa mechi tatu dhidi ya mbili, na mara ya pili mwaka 1924. Mwaka 1917 ilifika fainali ikafungwa na Seattle, na mwaka 1925 ikafungwa na Victoria. Ligi ya NHL, ambayo hadi leo ndiyo ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ilipoundwa Novemba 1917 kuchukua nafasi ya ile ya zamani, klabu iliingia na kipa wake yule yule. Februari 1918 akawa kipa wa kwanza wa NHL kumaliza mechi bila kufungwa, timu yake iliposhinda 9 kwa 0 dhidi ya Toronto.

Kuna mambo matatu katika miaka hiyo yanayouhusu moja kwa moja mwisho wa kisa.

La kwanza ni mabadiliko ya sheria. Januari 1918 NHL iliwaruhusu makipa kuanguka barafuni. Kipa wa Ottawa, Clint Benedict, alikuwa amezoea kujidondosha kwa ujanja kiasi kwamba waamuzi walishindwa kumdhibiti, na ligi ikaona heri kuiondoa adhabu. Kipa wetu, aliyekuwa akikaribia miaka 31, aliendelea kucheza kwa kusimama, akitumia gongo kuzuia kama alivyojifunza mtaani alipokuwa hana viatu vya kuteleza. Mtindo huo ulimdumu kwa sababu ulitegemea macho na kujipanga mapema. Nadhani pia ulimwepusha na majeraha mengi ya kugongwa usoni na magongo na vyuma vya viatu, hatari inayomkabili kipa aliyelala chini bila kinyago. Kwa hiyo rekodi ya kutokukosa mechi ilikuwa na msingi wa kiufundi, mbali na uvumilivu wake.

La pili ni mafua makubwa ya 1919. Fainali ya mwaka huo ilichezwa Seattle, wakati ugonjwa ulioitwa homa ya Kihispania bado ukiua watu duniani kote. Baada ya mechi tano, timu zikiwa zimeshinda mbili mbili na kutoka sare moja, wachezaji wa Montreal walilala hospitali na mfululizo ukavunjwa bila mshindi. Beki mmoja wa timu alifariki huko huko, Aprili 1919. Mmiliki na meneja wa klabu naye aliugua, afya yake haikurudi, akafariki mwaka 1921. Kipa wetu alirudi nyumbani salama. Klabu hii, basi, ilikwisha kuzika watu kwa sababu ya ugonjwa ulioshambulia mapafu. Haikuwa ngeni kwa habari hiyo.

La tatu ni mzigo wa kazi. Mechi 16 za msimu wa 1910–11 zilifika 24 kwa miaka mingi ya mwanzo wa NHL, zikawa 30 msimu wa 1924–25, na 36 msimu uliofuata. Safari zote zilikuwa za treni, nyingine za siku kadhaa kwenda pwani ya Pasifiki. Wachezaji wa Hamilton, baada ya kumaliza wakiongoza ligi mwaka 1925, waligoma wakidai dola 200 kila mmoja kwa mechi zilizoongezwa. Rais wa ligi, Frank Calder, aliwasimamisha, na timu yao ikaondolewa kwenye mtoano. Sina shaka kila mchezaji wa ligi alilisikia somo hilo: mzigo unaongezeka, na anayekaa pembeni kudai haki anabaki nje. Msimu huo huo wa 1924–25 kipa wetu, akiwa na miaka 38, alikuwa na wastani bora kuliko wote, chini ya mabao mawili kwa mechi.

Novemba 1925

Alirudi Montreal kwa mazoezi ya kabla ya msimu akionekana mgonjwa, na hakusema kitu. Taarifa za wakati huo zinaeleza kwamba katika wiki sita alipungua karibu kilo 16. Mtu akipungua kilo 16 jezi humning'inia. Wenzake walibadilisha nguo naye chumba kimoja kila siku, na kocha alimwona kila siku. Haiwezekani kwamba hakuna aliyeona.

Klabu haikukaa bila kufanya lolote. Kabla ya msimu kuanza ilimsajili kipa mwingine, Alphonse Lacroix, Mmarekani aliyekuwa kwenye timu ya nchi yake iliyopata medali ya fedha katika Olimpiki ya 1924. Jambo hilo halikuwa kawaida katika ligi isiyokuwa na desturi ya kipa wa pili.

Usiku wa tarehe 28 Novemba, mechi ya kwanza ya msimu, walicheza na Pittsburgh, klabu mpya kabisa kwenye ligi. Kipa wetu aliingia golini akiwa na joto la mwili karibu nyuzi 39. Alimaliza kipindi cha kwanza bila kufungwa. Wakati wa mapumziko alianza kutapika damu chumbani. Kipindi cha pili kilipoanza alirudi golini. Hapo akaanguka, akatolewa, na Lacroix akachukua nafasi. Pittsburgh walishinda 1 kwa 0.

Kesho yake alipimwa, akaambiwa ana kifua kikuu.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Kesi kama hii ni rahisi kuihukumu ukiwa umeketi miaka mia mbele, kwa hiyo nataka kila upande upewe sababu zake.

Kipa aliamua kunyamaza. Alikuwa na mke na wana wawili wa kiume, na kipato chake kilichokuwa kimefika dola 6,000 kwa msimu kilitegemea mwili wake. Kifua kikuu kilitisha wakati ule, na mara nyingi familia nzima ilinyanyapaliwa. Na alikuwa mtu aliyejengewa heshima juu ya jambo moja: yupo, siku zote. Kusema "leo siwezi" kungekuwa mara ya kwanza katika miaka 15. Hapa ndipo rekodi inapomgeuka mwenyewe. Kila mechi anayoongeza inafanya iwe vigumu zaidi kuikosa ijayo.

Viongozi waliamua kumpanga. Walikuwa na sababu za kibiashara, mechi ya ufunguzi, mashabiki waliokuja kumwona. Walikuwa pia na imani ya kweli kwamba mtu huyu anajua mwili wake. Kwa miaka 15 walimwachia uamuzi huo na hakuwahi kuwaangusha.

Na kuna uamuzi wa tatu, ule wa mapumziko, ambao kwangu ndio mzito kuliko yote. Damu ilikuwa imeshaonekana. Lacroix alikuwepo. Bado kipa alirudi golini. Nimejaribu kumtafuta katika maelezo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema "hapana, keti", na simwoni. Meneja angeweza, lakini meneja huyo huyo ndiye anayetaka kushinda. Mchezaji angeweza, lakini mchezaji huyo huyo ndiye mwenye rekodi. Nafasi ya mtu wa tatu, asiye na maslahi katika matokeo ya mechi, haikuwepo katika muundo wa klabu.

Matokeo

Alirudi mjini kwao Saguenay na kuuguzwa huko. Alifariki hospitalini tarehe 27 Machi 1926. Inaelezwa kwamba klabu ilimlipa mshahara wake wote wa msimu ule, dola 6,000, ingawa alicheza kipindi kimoja tu na sehemu ndogo ya kingine.

Uwanjani, klabu iliporomoka. Lacroix alicheza mechi tano, kisha akaja kipa mwingine, Herb Rhéaume, aliyecheza 31. Timu iliyokuwa fainali miezi michache nyuma ilishinda mechi 11 kati ya 36 na kumaliza ya mwisho katika ligi ya timu saba.

Msimu wa 1926–27 wamiliki watatu walitoa kombe lenye jina lake kwa kipa wa timu itakayofungwa mabao machache kuliko zote. Wa kwanza kulichukua alikuwa George Hainsworth, mrithi wake golini, naye alilichukua misimu mitatu mfululizo. Kombe hilo linashindaniwa hadi leo, ila tangu msimu wa 1981–82 mshindi huchaguliwa kwa kura za mameneja wakuu wa klabu. Mwaka 1945 kipa wetu aliingizwa katika kundi la kwanza kabisa la Ukumbi wa Heshima wa hoki.

Uchambuzi: yaliyofanya kazi

Usajili ulifanyika vizuri kwa sababu ulimsikiliza mtu wa kazi ile ile. Klabu nyingi za mpira kwetu humtuma kiongozi au wakala kwenda kumtazama kipa, na wao huhesabu alizodaka. Kipa mwenzake huangalia alisimama wapi kabla shuti halijapigwa. Aliyetumwa na klabu kumtazama mchezaji asiwe na hofu ya kupoteza nafasi yake, hilo ni gumu. Mwaka 1910 lilitokea kwa bahati ya tabia njema ya mtu mmoja. Klabu makini inaweza kulipanga, kwa mfano kwa kumpa kipa mkongwe kazi ya kudumu ya kusaka warithi na kumhakikishia kwamba atakuwa na kazi baada ya kustaafu.

Pili, hawakumbadilisha mtindo. Sheria ilipogeuka mwaka 1918, wengine walianza kujirusha chini, yeye akaachwa asimame. Alikuwa bora akiwa na miaka 38 kuliko vijana wengi, na hiyo ni faida ya kumwacha mtu atumie alichokijenga mwenyewe.

Mshahara kulipwa wote nao nauweka hapa. Wakati ule hakukuwa na bima ya mchezaji inayoeleweka. Klabu ingeweza kuhesabu siku na kufunga daftari.

Uchambuzi: yaliyoshindikana

Jambo la msingi ni kwamba rekodi ya kuhudhuria iligeuka kipimo cha afya. Kuhudhuria kunaonyesha kwamba mtu amekuja. Hakusemi amekuja na nini mwilini. Kifua kikuu huweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili, kisha kikaamka pale kinga inaposhuka, na mtu akaendelea na kazi kwa wiki nyingi kikiwa kimeshaamka. Mwanamichezo mwenye misuli na pumzi kubwa hujificha vizuri zaidi, kwa sababu anapoteza nusu ya nguvu zake na bado anazidi nguvu za mtu wa kawaida. Kipindi cha kwanza bila bao usiku ule ni ushahidi wa hilo. Kama kiwango chake uwanjani ndicho kingekuwa kipimo, basi dakika 20 kabla ya kuanguka alikuwa mzima.

Je, kingeweza kugunduliwa mapema? Ndiyo. Vijidudu vya kifua kikuu vilitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, na kupima makohozi kwa darubini kulikuwa kazi ya kawaida kwa hospitali ya mji mkubwa kama Montreal. Mashine za eksirei zilikuwepo tangu mwisho wa karne ya 19. Alipopelekwa kwa daktari, jibu lilipatikana kesho yake. Kilichokosekana wiki sita nyuma ni mtu wa kumpeleka.

Hapa nataka tuwe waaminifu kuhusu kile ambacho kugundua mapema kungeleta. Kisingemponya kwa dawa, kwa kuwa dawa haikuwepo. Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943, miaka 17 baada ya kifo chake. Mwaka 1925 tiba ilikuwa kupumzika, hewa safi, chakula kizuri na kutengwa katika nyumba maalumu za wagonjwa, na wapo waliopona hivyo na wengi ambao hawakupona. Faida ingekuwa kwanza kwake, kutokuutumikisha mwili unaopigana. Ya pili ingekuwa kwa waliomzunguka. Kifua kikuu husambaa kwa hewa mgonjwa anapokohoa, na mazingira ya timu ya hoki yalikuwa yanafaa kabisa kwa hilo: chumba kimoja kilichofungwa kwa sababu ya baridi, behewa moja la treni usiku kucha.

Tukiileta kesi hii kwetu leo, hesabu ni tofauti sana, na tofauti hiyo ina mkono wa Afrika Mashariki. Matibabu ya kifua kikuu yalikuwa yakichukua mwaka mmoja na nusu hadi majaribio yaliyoanza mwaka 1970, yaliyoendeshwa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Majaribio hayo yalionyesha kwamba miezi sita ya mchanganyiko wenye dawa kali kama rifampisini inatosha. Tiba fupi inayotumika duniani ilijengwa juu ya wagonjwa hao. Kwa hiyo kipa wa Mwanza au Kisumu mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku na uzito unaoshuka ana nafasi kubwa ya kupona kabisa, endapo mtu atamwambia mapema akapime. Dalili zote nne huonekana na kocha au mtu wa vifaa kabla hazijamfikia daktari. Mizani chumbani na daftari la uzito wa kila wiki, gharama yake ni ndogo kuliko jozi moja ya glavu.

Kuhusu kipa wa akiba, kisa hiki kina fundisho lisilo la kawaida. Klabu ilikuwa naye na haikumtumia. Kumsajili Lacroix kulikuwa uamuzi mzuri, ila kipa wa pili asiyewahi kuchezeshwa anabaki kuwa tahadhari ya makaratasi. Kwa miaka 15 hakuna mtu mwingine aliyewahi kupewa hata mechi moja ya ligi golini kwa klabu hiyo, na siku alipohitajika alisukumwa katikati ya mechi mbele ya watu waliokuwa wamezoea mtu mmoja tu. Alipewa mechi tano, akaondolewa. Siwezi kumlaumu.

Wala ligi haikujifunza haraka. Aprili 1928, katika fainali ya Kombe la Stanley, kipa wa New York Rangers, Lorne Chabot, aligongwa jichoni na kisahani. Rangers hawakuwa na kipa mwingine. Kocha wao Lester Patrick, mwenye miaka 44, alivaa vifaa akaingia golini mwenyewe, na timu yake ikashinda 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Hadithi hiyo inapendwa sana huko Amerika Kaskazini. Mimi nikiisoma baada ya kisa chetu naona ligi ile ile, miaka miwili baadaye, ikiwa bado haina mpango. Sharti la kila timu kuvalisha makipa wawili lilikuja kuwa la kawaida katika NHL msimu wa 1965–66.

Simulizi zilizoongezwa

Kisa hiki kimetiwa chumvi nyingi, na anayekifundisha inambidi aichuje. Kiongozi mmoja wa klabu aliwaambia waandishi kwamba kipa alikuwa na watoto 22. Idadi hiyo ilirudiwa magazetini na vitabuni kwa miaka mingi. Walikuwa wawili. Ipo pia simulizi kwamba siku chache baada ya kuanguka alirudi chumba cha timu, akaketi kwenye kona yake akilia, akaomba jezi aliyoivaa fainali. Chanzo chake ni kiongozi yule yule, na watafiti wa historia wamekuwa wakibishana kama ilitokea.

Simulizi hizo zote zinaelekea upande mmoja. Zinamfanya mtu asiye wa kawaida, aliyevumilia kuliko binadamu, na zinawatoa wengine wote kwenye picha. Ukisimuliwa kwamba shujaa aliamua kufia golini, huulizi nani alikuwa chumbani wakati wa mapumziko. Kwa sababu hiyo sikuzitumia katika uchambuzi, na ninawaomba wanaofundisha kisa hiki wasianze nazo.

Hatua ambazo leo zingefuata siku ya majibu

Asubuhi ya tarehe 29 Novemba, kwa utaratibu wa sasa wa kliniki zetu za kifua kikuu, muuguzi angefungua fomu ya pili pembeni ya ile ya mgonjwa, fomu ya watu aliokaa nao karibu. Angeandika mke na wana wawili kwanza, kisha aliyelala naye chumba kimoja safarini, kisha wachezaji wote wa kikosi, kocha na mtu wa vifaa. Kila mmoja angeulizwa kuhusu kikohozi, homa, jasho na uzito, na kupimwa. Wasio na ugonjwa wangepimiwa haja ya dawa za kinga. Mgonjwa angeanza dawa wiki hiyo hiyo, na mazoezi yangesubiri hadi daktari aseme makohozi yake hayana vijidudu tena. Kurudi kwake golini kungeamuliwa kwa kipimo hicho, na saini ya mwisho ingekuwa ya daktari.